Foleni ya Wenye Hasira

Meza ya mapokezi ya hospitali ile ndogo ilikaliwa na nesi mmoja kwa miaka ishirini na miwili, mwanamke mfupi, mgongo umenyooka kama mchi, na katika miaka yote hiyo hakuna aliyemwita kwa jina alilopewa na wazazi wake. Aliitwa Bibi Kucha. Ufike mbele yake na jicho limevimba kama kiazi, ufike unachechemea, ufike umebebwa na ndugu sita, neno lake lilikuwa moja tu: "Nionyeshe kucha." Atakushika mkono, atabinya ukucha wa kidole gumba mpaka uwe mweupe, atauachia, kisha atatazama damu inavyorudi. Ikirudi upesi, "Kakae benchi, baba." Ikirudi kwa kujikokota, kama mtoto aliyeitwa kuoga, basi hapo hapo atakunyanyua akupeleke mlango wa daktari, na foleni nzima inyamaze.

"Mdomo huongopa," alikuwa akisema. "Ukucha haujajifunza."

Wakubwa wa hospitali hawakuipenda kazi hiyo kwa sababu haikuandikwa popote. Lakini watu wa mitaa ile waliiheshimu. Walikuwapo waliobinyana kucha nyumbani kabla ya kutoka, wajue kama safari ina maana. Kuna hata kondoo mmoja aliyebinywa kwato sokoni kabla ya kununuliwa, na mwenye kondoo hakuona ajabu, ila kondoo.

Sasa, mtu akikwambia kwamba nesi wa mapokezi huzaliwa na nyongo mbili, mwambie akakae kile kiti asubuhi moja tu. Kuanzia saa moja kamili watu wanamwaga juu ya meza ile kila kilichowaudhi nyumbani: mume asiyesema, paa linalovuja, kiatu kinachobana. Mtu ana homa ya siku mbili na hasira ya miaka kumi, na hiyo hasira ndiyo anayoitanguliza. Tusi moja lingekuwa tofali moja, Bibi Kucha angekuwa na ghorofa, tena yenye baraza.

Na hasira yake yeye? Aliimeza. Akifika nyumbani jioni anavua viatu vya kazi, hamsalimii mtu, anakwenda moja kwa moja jikoni kusugua masufuria. Masufuria yaliyokwisha kuoshwa. Mumewe, dereva mstaafu, mtu wa sauti ndogo, hukaa kibarazani akihesabu: sufuria moja, siku ilikuwa njema, sufuria nne, kuna mtu kaja hospitali na ndugu mwenye cheo. Yakakonda yale masufuria, nawaambia, mpaka moja ungeweza kusoma barua kupitia kitako chake.

"Mama watoto," mumewe alimwambia, "umebakiza mwaka mmoja na nusu ustaafu. Meza tu."

"Nimemeza mpaka nimevimbiwa."

"Basi cheua hapa, usicheue kule. Una barua moja tayari."

Kweli alikuwa nayo. Bwana mmoja mwenye cheo alimrushia cheti usoni, naye akamwambia kwamba hata punda hupiga mateke kwa nyuma, kwa mbele huwa ana adabu. Kwa hilo akapewa barua ya onyo. Hospitali ile ilikuwa na desturi ya barua tatu: mbili unaonywa, ya tatu unatolewa, na miaka yako yote inatupwa pamoja na pamba zilizotumika.

Ndipo alipoletwa Katibu mpya wa hospitali.

Alikuwa kijana wa viatu vyenye ncha na shati lililopigwa pasi mpaka likaogopa kujikunja. Mwezi wake wa kwanza alikwenda semina ya siku tatu ya kutuliza hasira katika nyumba za tiba. Siku tatu. Hata kidonda cha goti hakioti ganda kwa siku tatu. Akarudi na cheti ndani ya fremu, makaratasi yaliyovikwa plastiki, na tabasamu. Hilo tabasamu halikuwa la kufurahi, lilikuwa la kazi, kama koti. Asubuhi alilivaa getini, jioni alilivua hapo hapo. Umwambie umefiwa, anatabasamu. Umwambie choo kimefurika, anatabasamu. Kabla ya saa sita wafagiaji walikwishampa jina la Bwana Tabasamu, na hilo ndilo analojulikana nalo mpaka leo.

Akaita kikao cha wafanyakazi wote.

"Hasira ni moto," akasema. "Mtu mwenye hasira kwenye foleni ni moto kwenye nyasi kavu. Dawa yake ni kumtoa upesi kabla hajawaunguza wengine. Anapewa kadi nyekundu, anawekwa chumba chenye utulivu, anapewa maji baridi, na anaonwa na daktari kwanza."

"Nani atajua kwamba amekasirika kiasi cha kadi?" akauliza mtu wa maabara.

"Mimi mwenyewe. Nimefundishwa kupima, moja mpaka kumi. Kuanzia saba, kadi."

Bibi Kucha akainua mkono. "Bwana Katibu, na yule asiye na hasira?"

"Huyo ametulia, Mama. Aliyetulia anaweza kusubiri."

"Mwanangu, kuna aliyetulia na kuna aliyeishiwa."

"Mama, tusiharibu hali nzuri ya kikao," akasema, akamtolea meno yote ya juu.

Debe tupu haliachi kuvuma, mtoto wa juzi anajua hilo. Bwana Tabasamu alilisikia debe likivuma, akaliwekea kochi. Stoo ya magongo ikaondolewa magongo, likaingizwa kochi la kijani, mtungi wa maji, picha ya maporomoko, na ukutani yakaandikwa maneno HASIRA HASARA. Chumba chenyewe kilipakana na cha daktari, na mlango wa daktari ukawekewa mlinzi, asipite mtu bila namba yake kufika au bila kadi nyekundu.

Wiki ya kwanza zilitolewa kadi tatu. Wiki ya pili, thelathini. Watu si wajinga. Mjinga ni anayewadhania. Habari ilikimbia mitaani kuliko kuhara: ukinyamaza utakaa benchi mpaka makalio yaote magome, ukifoka utakunywa maji baridi. Mama mmoja mpole, ambaye hata kuku wake alikuwa akiwaomba watoke jikoni, alionekana akijigaragaza sakafuni kwa sababu ya mafua. Mume na mke wakasikika nyuma ya ukuta wa hospitali wakifanya mazoezi.

"Niite mwizi."

"Mwizi wa nini?"

"Wa chochote, mke wangu, niite tu, foleni inasogea."

Ng'ambo ya geti palikuwa na kinyozi aliyewahi kuwa msemaji wa sherehe kabla sauti yake haijachuja. Huyo akaona neema. Ukikaa kwenye kiti chake unyolewe, unatoka na kichwa safi na hasira iliyonolewa.

"Hasira ina sehemu tatu," aliwafundisha, wembe mkononi. "Mguu, mkono, koo. Mguu unapiga sakafu, mkono unapiga meza, koo linamalizia. Ukianza na koo unapata nne, na nne haimlazi mtu kwenye kochi. Na usikunje uso tangu barabarani, mzee. Utafika umechoka."

Mzee mmoja aliiva vizuri mno. Alipopiga meza, saa ya ukutani ikasimama kwa woga, na haijatembea tena. Bwana Tabasamu akaandika tisa, akamfungulia mlango wa kochi kwa mikono miwili. Alichokuwa nacho mzee yule ni nta ya sikio.

Bibi Kucha aliyaona yote hayo akiwa ameketi. Walimpita mbele ya meza kila siku, watu wenye damu inayorudi kabla hujauachia ukucha, wanapaza sauti, wanafuta machozi ambayo hayakutoka, wanaingia. Na kwenye benchi za mbao, ile ya tatu imeegemezwa kwa kopo la rangi kuukuu, wanabaki wagonjwa wenyewe. Mgonjwa wa kweli hana pumzi ya kugomba. Mvumilivu hula mbivu, wanasema. Pale mvumilivu alikula benchi. Daktari, ambaye alikuwa mmoja kwa hospitali nzima, hakuiona foleni. Alimwona anayeletewa. Akaanza kuamini kwamba mji umepona magonjwa yote, zimebaki sugu na nta.

Siku moja uzalendo ukamshinda Bibi Kucha. Alimwona mzee wa pumu midomo imekuwa ya buluu, akamshika kwapani, akampitisha mbele ya mtu mwenye kadi nyekundu. Mtu wa kadi akapiga kelele za kweli safari hii. Jioni ikaja barua ya pili: amevuruga utaratibu wa kutuliza hasira, na hivyo kusababisha hasira ya daraja la tisa. Usiku ule mumewe hakuhesabu masufuria. Alikwenda kulala.

"Iliyobaki ni moja," akamwambia asubuhi. "Moja tu, mke wangu."

"Najua kuhesabu."

Jumatatu iliyofuata benchi zilijaa mpaka watu wakaegemea kuta. Saa tatu ikaingia shingo, na nyuma ya shingo akaingia mwenye shingo hiyo, tajiri wa duka la simenti na mabati. Huyu alikuwa mwanafunzi bora wa kinyozi. Alisimama katikati ya ukumbi, akaupa mguu nafasi.

"Mimi ni mtu wa kungojeshwa mimi? Mimi?" Mguu. "Jengo hili lisingesimama bila simenti yangu." Meza. "Nani mkubwa hapa, aje nimwone kimo chake." Koo.

"Nionyeshe kucha," akasema Bibi Kucha.

"Kucha za nini? Nimekuja na mguu."

"Mguu una nini?"

"Sugu. Ya kidole kidogo."

Akambinya hivyo hivyo. Damu ya Mwenye Simenti ilirudi kwa kishindo, ungeweza kuisikia. Lakini Bwana Tabasamu alikwishatoka ofisini na karatasi yake. "Nane na nusu," akasema kwa heshima, akampa kadi, na tajiri akaenda zake kwenye kochi akiwaangalia wa benchi kama mtu anayepita ghala la wauzaji wenzake waliofilisika.

Nyuma yake aliingia binti mshonaji, hata hakuna aliyemwona akiingia. Vipande vya uzi vilikuwa bado vimemng'ang'ania nguo, maana alitoka cherehani moja kwa moja, na mgongoni alikuwa amembeba mtoto wake wa kike wa miezi kumi na mmoja. Alichukua namba, arobaini na moja, akaishika kwa mikono miwili kama amepewa zawadi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mtoto ana nini?"

"Ameharisha tangu juzi, na kutapika. Ila leo afadhali, amelala tu. Hata hasumbui. Tutangoja."

Bibi Kucha akasimama. Akamfungua yule mtoto mgongoni, akabinya kidole gumba, kidogo kama punje ya maharage. Kikawa cheupe. Akahesabu moja. Mbili. Tatu. Nne. Bado kilikuwa cheupe. Akapitisha kiganja utosini, pamebonyea. Akaikunja ngozi ya tumbo kidogo, ikabaki imekunjika kama kitambaa.

"Alikojoa lini?"

Binti akafikiri. "Jana. Jana asubuhi, nadhani."

"Mwanangu, huyu hajalala," akasema Bibi Kucha. "Amekaukiwa. Twende."

Walifika mlango wa daktari, mlinzi akaweka mkono. Alikuwa mtu mwema, na mtu mwema aliyepewa amri ni ukuta.

"Kadi, Bibi."

"Mtazame mtoto."

"Bibi, usinitafutie. Nikikuachia tena kama ile ya juzi, mimi na wewe tutaondoka pamoja. Nami nina wanaokula."

Bwana Tabasamu akaja, viatu vikilia. "Kuna nini, Mama?"

"Mtoto huyu anaingia sasa hivi."

"Namba yake ni arobaini na moja, na daktari yuko wa tisa. Na hapo kati kuna mgonjwa wa kadi."

"Mgonjwa wa kadi ana sugu."

"Ana nane na nusu, Mama." Akamgeukia binti, akalirekebisha tabasamu. "Lakini hakuna aliyefungiwa mlango hapa. Dada, umekasirika?"

Binti akamtazama Bibi Kucha.

"Kasirika, mwanangu," Bibi Kucha akamnong'oneza.

"Nimkasirikie nani, mama?"

"Yeyote."

"Mguu kwanza, dada," mtu akamwambia kutoka benchi ya pili. "Mguu, halafu mkono."

Binti mshonaji akanyanyua mguu, akaurudisha polepole asimkanyage mtu. "Jamani," akasema. "Naombeni... mtoto wangu ni mgonjwa. Samahani."

Benchi zikacheka. Bwana Tabasamu akainamisha kichwa, kalamu juu ya karatasi, kama fundi anayepima mlango.

"Mbili," akasema. "Kusema kweli moja na nusu. Kwa ile samahani imenibidi nipunguze."

Kimya kingi kina mshindo mkuu. Bibi Kucha alimrudishia binti mtoto wake. Alivua miwani, akaikunja, akaitia mfukoni. Alirudi mezani kwake, akaipanga trei ya vibao vya namba vizuri, akaiweka kando sakafuni isije ikamwagika. Wa benchi wakadhani amekubali. Halafu akaishika ile meza kwa chini.

Miaka ishirini na miwili ilitoka siku moja. Meza iliruka na miguu yake yote minne, ikapiga dari, ikashuka ikiwa na miguu mitatu. Njiwa waliokuwa wakikaa juu ya paa walihama, na kwenye mitaa ile njiwa hawajarudi. Walioishi karibu wanasema sindano za cherehani zilivunjika. Mimi nasema kinyozi alimkata mteja sikio, na hilo lina ushahidi, maana sikio lilishonwa hapo hapo hospitalini.

"Wewe mtoto wa semina," akasema. Hakupaza sauti sana, ilijipaza yenyewe. "Umekuja hapa na fremu. Nimewashika watu wa mji huu mikono wakizaliwa na nimewashika wakikata roho, na hakuna hata mmoja aliyekata roho akipiga meza. Wanaokufa wanakaa kimya, bwana. Wanaomba samahani. Wewe umewafungulia kochi wenye pumzi, umewaacha wasio na pumzi wajifunze maigizo kwa kinyozi. Unapima kelele kama dalali. Huyu mtoto akifia kwenye mikono ya mama yake hapa, utaandika ngapi? Sifuri, kwa sababu hakulia?"

Hakuna aliyecheka sasa. Tabasamu la Bwana Katibu lilikuwa limeanguka, na watu wakagundua kwa mara ya kwanza kwamba ana meno ya chini.

"Toa karatasi yako," akasema Bibi Kucha. "Nipime."

"Mama..."

"Nipime mimi."

Kalamu ikaandika. "Kumi," akasema Bwana Tabasamu.

"Sheria yako inasemaje? Isome, nimesahau miwani mfukoni."

Akaisoma, maskini, kwa sababu ilikuwa mkononi na hakujua kitu kingine cha kufanya nayo. "Mtu yeyote atakayeonyesha hasira ya saba na kuendelea ndani ya jengo hili atapewa kadi nyekundu na kuonwa na daktari kwanza."

"Inasema mtu yeyote, au inasema mgonjwa?"

"Mtu yeyote."

"Mimi ni mtu?"

Mlinzi wa mlango ndiye aliyejibu. "Ni mtu, mkuu. Namjua siku nyingi."

Kadi ikatoka. Bibi Kucha akaipokea kwa mkono mmoja, kwa mwingine akamvuta binti mshonaji na mtoto wake, na mlinzi akawafungulia mlango huku akitazama juu kama mtu anayetafuta njiwa. Ndani, Mwenye Simenti alikwishatolewa kwenye kochi. Alikuwa amelala kitandani kwa daktari, mguu ndani ya beseni, soksi moja mkononi.

"Baba, shuka."

"Nina nane na nusu mimi."

"Nina kumi. Shuka."

Alishuka. Kwa nini asishuke? Debe likikutana na ngoma hujua lake ni kelele tu.

Daktari alimtazama mtoto mara moja, rangi ikamtoka usoni, akaomba dripu. Mishipa ilikuwa imezama. Akatafuta mkononi, akakosa, mguuni, akakosa, akajaribu tena, mkono wake ukaanza kuteleza kwa jasho. Bibi Kucha akaitwaa sindano. Mikono ile ile iliyorusha meza haikutikisika hata kidogo. Ilitafuta kando ya utosi, ikaupata mshipa mwembamba kama uzi wa mama yake mtoto, na maji yakaanza kushuka tone kwa tone. Binti mshonaji alisimama ukutani. Saa sita bado. Saa saba kasorobo kidole gumba kikabinywa, na wekundu ukarudi kwa kuhesabu mbili. Saa saba mtoto akafungua mdomo akalia, kilio kikavu, kibaya, cha kukera.

"Samahani kwa kelele, daktari," akasema binti.

"Mwache," Bibi Kucha akamwambia. "Mwache afoke."

Siku mbili baadaye akaitwa mbele ya kamati. Ilikuwa ya watu watatu: Bwana Tabasamu mwenyewe, mhasibu ambaye hakujua ameitiwa nini, na mwenyekiti wa bodi, mzee mnene aliyekuwa na kipaji cha kusinzia huku akitikisa kichwa kama anayekubali. Barua ya tatu ilikuwa mezani, imeshachapwa, imebaki sahihi.

"Tuna swali moja," akasema Bwana Tabasamu. Alikuwa amelivaa tena. "Hasira ile ya Jumatatu, Mama, ilikuwa ya kweli au ya kujifanya?"

Wala si swali, ni mtego wa panya. Ikiwa ya kweli, amemtukana mkubwa wake na kuvunja meza ya hospitali, atoke. Ikiwa ya kujifanya, amejipatia kadi kwa udanganyifu, atoke pia. Mumewe, aliyekuwa akingoja nje dirishani, alifumba macho.

"Mimi sina kipimo," akasema Bibi Kucha. "Mwenye kipimo ni Bwana Katibu. Aliniandikia kumi kwa mkono wake. Aseme yeye kama ilikuwa ya kweli."

Mhasibu akageuka kumtazama Katibu. Hata mwenyekiti akafumbua jicho moja.

Bwana Tabasamu akafungua mdomo aseme ya kweli, akakumbuka kifungu chake cha tatu, alichokitunga mwenyewe na kukivika plastiki: mwenye hasira haadhibiwi, hutulizwa. Akageuza aseme ya kujifanya, akaona inakompeleka: basi kipimo chake hakimtambui mwigizaji, na miezi miwili mizima amekuwa akiwanywesha maji baridi waigizaji. Akabaki mdomo wazi, anatazama huku, anatazama kule, kama kuku aliyewekewa kioo. Bibi Kucha hakumsaidia. Alikaa amekunja mikono, akimtazama vile unavyotazama mtoto wa mwenzio akijipaka uji.

"Ahamishwe," akasema mwenyekiti, ili aweze kurudi kulala. "Tusimfukuze. Apelekwe stoo ya mashuka."

Ikaandikwa, ikagongwa muhuri, na Bibi Kucha akaenda stoo ya mashuka. Siku ya kwanza mezani pake wakamweka nesi kijana. Alidumu mpaka saa tatu na nusu. Siku ya pili wakamweka mwanaume mwenye kifua kipana. Saa nne alikutwa nyuma ya matangi ya maji akilia kama aliyefiwa. Siku ya tatu Bwana Tabasamu akasema kumbe lazima awaonyeshe, akaketi yeye. Alitabasamu kuanzia saa moja mpaka saa mbili na robo. Saa mbili na robo mama mmoja akamtandika usoni na nepi iliyokuwa imekwisha kufanya kazi yake, na maneno yaliyomtoka Bwana Katibu hayajawahi kufundishwa kwenye semina yoyote. Mlinzi, mtu wa kufuata amri, akamsogelea taratibu akamuuliza, "Mkuu, hiyo ni ngapi? Nikupeleke kwenye kochi?"

Alasiri hiyo wakamfuata Bibi Kucha kule kwenye mashuka. Barua hawakuweza kuifuta, kwa sababu bodi ilikwishaisaini na bodi haikosei. Kwa hiyo kwenye makaratasi alibaki mtunza mashuka mpaka siku aliyostaafu, na mashuka yenyewe hayakumwona tena. Alirudi mezani, meza yenye miguu mitatu na tofali, akazichukua kadi nyekundu zote akazitia mfukoni mwake, na tangu hapo alizitoa mwenyewe, kwa anayestahili, wakati mwingine nne kwa siku, wakati mwingine hakuna. Magongo yakarudishwa stoo yao. Kochi akalichukua mlinzi.

Na Bwana Tabasamu? Aliandika taarifa. Akaeleza kwamba alipofika hospitali ile kulikuwa na kadi nyekundu tisini kwa siku, na kwa juhudi zake sasa zimebaki nne, hivyo hasira ya mji mzima imetulizwa. Huko juu wakaisoma, wakapiga makofi, wakampandisha cheo. Sasa ndiye anayezunguka akifundisha wengine, siku tatu tatu, na kila mahali anasifiwa.

Mumewe Bibi Kucha alipoisikia habari hiyo alimuuliza mkewe kama hakuumia, sifa zake kwenda kwa mtu yule.

"Zimwendee tu," akasema. "Mwenye kiu ya sifa mnyweshe akiwa mbali, asije akarudi kisimani."